Karatasi, Kisanduku na Shaka

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haina jini wala zimwi. Ina mahindi, ina wasomi watatu, na ina kiti kimoja tu.

Palikuwa na chuo kikuu cha bara, na ndani yake maabara ambamo walifanya kazi watu watatu. Wote walikuwa wamemaliza shahada ya uzamivu, wote waliitwa Dokta, na wote waliishi kwa mikataba mifupi ambayo kila ikikaribia kwisha iliwanyima usingizi.

Wa kwanza aliitwa Raya Makame, mzaliwa wa Wete, Pemba. Kipaji chake kilikuwa rangi. Alijua dawa gani ikikutana na kitu gani hugeuka bluu, na ipi hugeuka waridi. Yeye ndiye aliyetengeneza karatasi ndogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, inayobadilika rangi ikikutana na sumukuvu. Sumukuvu mnaijua: ni sumu inayotokana na kuvu wa mahindi na karanga. Haionekani kwa macho, moto wa jikoni hauimalizi, na ikizidi mwilini huliua ini la mtu.

Wa pili aliitwa Elinihaki Mfinanga, Mpare wa Same, ambaye wenzake walimwita Eli. Kipaji chake kilikuwa mikono. Redio ikikufa, mpe Eli. Aliona kwamba macho ya watu hayakubaliani, huyu akisema karatasi imekuwa waridi, yule akisema ingali nyeupe. Basi akaunda kisanduku cha kuisoma karatasi ya Raya. Unaichovya karatasi katika maji yaliyolowekewa mahindi, unaitia kisandukuni, kisha taa inawaka. Nyekundu ni sumu. Kijani ni salama. Kisanduku chenyewe kilibebeka kwapani kama kuku.

Wa tatu aliitwa Tusekile Mwaisaka, kutoka Rungwe. Kwa vyeti alikuwa mtaalamu wa takwimu, lakini kipaji chake hasa kilikuwa shaka. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono nje ya dirisha. Ukimwambia kisanduku kimepatia, atakuuliza kimepatia mara ngapi, mbele ya nani, na nani aliyechagua mahindi.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo, alifundishwa. Alipokuwa akisoma shahada ya pili, alikwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, akamwona msichana waliyelala naye chumba kimoja bwenini akisimama jukwaani na kuonyesha ukutani michoro aliyoichora yeye, Tusekile. Jina lake halikuwapo. Watu wakapiga makofi. Naye Tusekile akapiga makofi, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Basi watatu hawa walifanya kazi vizuri. Chai walikunywa kutoka chupa moja, na Raya akitoka kwao alirudi na halua wakala pamoja. Hivyo ndivyo walivyokaa, mpaka tangazo lilipotoka.

Chuo kilitangaza ufadhili wa utafiti kwa waliomaliza uzamivu katika sayansi na uhandisi. Ilikuwa miaka mitatu ya mshahara wa uhakika, maabara yako, na jina lako mlangoni. Mkuu wao, Profesa Rwegoshora, aliwaita ofisini.

“Tangazo mmeliona,” alisema. “Idara yetu imepewa nafasi moja. Kila mmoja wenu anaruhusiwa kuomba. Kamati itataka kuona kazi iliyokamilika, na kazi mnayo. Ila kazi ni moja, na nyinyi ni watatu.”

Raya alicheka. “Profesa, umetutupia mfupa.”

“Sikuutupa mimi, mama. Umetupwa kutoka juu, nami nimetumwa kuwaonyesha ulipoangukia.”

Walitoka wakicheka wote. Lakini kesho yake Tusekile aliliona kabati la Raya lina kufuli.

Kufuli dogo tu, la kununuliwa sokoni. Raya alisema dawa zake zilikuwa zinaingia unyevu. Tusekile akajibu, “Aa, vizuri,” na moyoni akajiuliza tangu lini kufuli likazuia unyevu.

Baada ya hapo mambo yalianza kumjia yenyewe. Alirudi kutoka kantini akawakuta Raya na Eli wameinamiana mezani, na walipomwona wakanyamaza, kisha Eli akaanza kusimulia habari za mpira, jambo ambalo Raya hakulipenda hata kidogo. Alimsikia Eli nje akisema kwenye simu, “Hesabu mtu yeyote anaweza kufanya.” Alisalimia, wakaitikia upesi mno. Akaacha kula halua. Alisema meno yanamuuma.

Ndipo Raya na Eli walipomletea matokeo ya mwisho akayafanyie hesabu. Walikuwa wamepima mahindi ya vijiji vingi. Majibu ya kweli yalijulikana tayari, kwa sababu kila fungu lilipitishwa kwanza kwenye mashine kubwa ya idara, yenye ukubwa wa kabati, ambayo haina haraka na haina urahisi, ila ikisema neno limesemwa. Na tazama: kila palipokuwa na sumu, kisanduku kilisema sumu. Kila palipokuwa salama, kilisema salama. Hakikukosea hata mara moja.

“Tumemaliza,” alisema Eli, akisugua viganja. “Au vipi, dada Tuse?”

“Mnaonaje nyinyi?” aliuliza Tusekile.

“Tunaona tumemaliza.”

Tusekile alizitazama zile namba siku nzima. Kwao Rungwe, mama yake hakununua maziwa ambayo nzi hawayataki, maana alijiuliza yametiwa nini. Namba hizi hazikuwa na nzi hata mmoja.

Akaanza kufikiri: nani aliyejua mapema fungu lipi lina sumu? Ni Raya, aliyeyakusanya mwenyewe vijijini na kuyatia katika vifuko vya kitambaa vyenye majina. Nani anayechovya karatasi? Raya. Na karatasi ikikaa majini zaidi, rangi hukolea. Basi mkono wa Raya, kwa kuchelewa kidogo tu kuinuka, ungeweza kukidanganya kisanduku bila kukigusa.

Wazo hilo lilimchoma, lakini pia, tuseme kweli, lilimpendeza. Mtu anayetazamia kuibiwa hupata raha ya ajabu akimwona mwizi.

Basi akatega mtego. Jumamosi moja, wenzake walipokwenda kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mfanyakazi mwenzao anayeolewa, yeye alibaki. Kufuli la kabati lilikuwa la dawa, vifuko vya mahindi vilikuwa wazi rafuni. Akachukua vifuko ambavyo mahindi yake yalikuwa na sumu, akayamwaga pembeni, na ndani yake akatia mahindi safi, yale yaliyothibitishwa na mashine kubwa kuwa hayana kitu. Majina ya nje akayaacha kama yalivyokuwa. Kisha akarudi mezani, akaketi.

Jumatatu akasema, “Dada Raya, hebu nipimie tena fungu hili. Kuna namba sikuisoma vizuri.”

“Haya, lete,” alisema Raya bila kinyongo. Akaloweka, akachovya, akaitia karatasi kisandukuni.

Taa ikawaka nyekundu.

Akapima kifuko cha pili. Nyekundu. Cha tatu, nyekundu vilevile.

“Ndiyo hayo hayo,” Raya alisema, akijifuta mikono. “Sumu tupu.”

Tusekile aliinamisha uso ili usisomeke. Mahindi safi, na taa nyekundu! Nimekukamata, alisema moyoni. Hakumuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Mbona unahema?”

Akamweleza yote. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Umemuuliza mwenyewe?”

“Mtu anayedanganya ukimuuliza atakudanganya tena.”

“Una hakika na neno unalolisema? Neno hili likishatoka halirudi, Dokta.”

“Nimeyabadilisha mahindi kwa mkono wangu mwenyewe.”

Profesa alifungua kalenda yake ya mezani. “Alhamisi tunakwenda kwenye shule moja kupima mahindi mapya. Yale hayana majina, na hakuna mtu kati yenu anayeyajua. Atachovya Eli, Raya asiguse kitu. Tutaona. Mpaka hapo funga mdomo.”

Tusekile alifunga wake. Lakini Profesa alimdokeza mjumbe mmoja wa kamati, na mjumbe naye alikuwa na rafiki. Kufika Jumatano, kantini nzima ilimsalimia Raya kwa kifupi. Raya aliona kwamba salamu zimepungua, asijue kwa nini. Alikaa peke yake na sahani yake ya wali, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia harusi isiyokuwa yake.

Alhamisi wakaenda. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, na mkuu wake aliitwa Madam Chilongani, Mgogo mwenye sauti ya kuvuka bonde. Ghala lake lilikuwa limejazwa upya wiki ile. Mfanyabiashara alileta lori la mahindi yaliyochekechwa na kupepetwa kwa mashine, meupe yanayong'aa kama meno ya mtoto. Wapishi walikwisha kuyaloweka kwa makande, na kuni zilikuwa zinaanza kushika moto.

Eli akachota hapa na pale, gunia la juu na gunia la chini. Akachovya. Kijani. Akachovya tena. Kijani. Kila gunia, kijani.

“Alhamdulillahi,” alisema Raya, aliyesimama mbali mikono nyuma, kama alivyoamriwa bila kuelezwa sababu.

Profesa alimtazama Tusekile, na macho yake yalisema: umeona? Raya hakuchovya, na kisanduku kimejibu. Madam Chilongani alipiga makofi mara moja. “Haya, jikoni! Pikeni!”

Tusekile angefurahi kuamini. Alisimama mlangoni pa ghala akijaribu. Lakini ile shaka, ikishaamka, hailali kwa kubembelezwa. Ikamwambia hivi: ikiwa Raya ni mdanganyifu, basi kisanduku bila mkono wake hakijui chochote, na kijani hii ni upepo. Na ikiwa Raya si mdanganyifu, basi Jumatatu kisanduku chenyewe ndicho kilichokosea. Huku hapana, na kule hapana. Vyovyote itakavyokuwa, kijani hii haina thamani.

Akaondoka mbio kuelekea jikoni.

“Msipike!” alisema. “Akina mama, tafadhali. Shusheni hayo masufuria.”

Wapishi walisimama na miko mikononi. Wengine wakafika nyuma yake, Eli mbele.

“Tuse, umerogwa? Kimesema salama mara zote!”

“Ndiyo maana.”

“Ndiyo maana nini? Unatuharibia! Mbele ya Profesa, mbele ya watu! Kwa ajili ya kiti, sivyo? Sema, ni kiti!”

Tusekile alimgeukia mkuu wa shule. “Madam, nakuomba yapimwe kwanza kwenye mashine kubwa chuoni. Siku chache tu.”

“Dokta, una ushahidi kwamba yana sumu?”

“Sina.”

“Una nini?”

“Nina shaka.”

“Shaka!” Madam Chilongani alishika kiuno. “Wanangu wanatoka darasani saa saba na njaa ya kula madawati, nawe unaniletea shaka? Shaka inaliwa na maharage?”

Mama yule alimtazama Tusekile usoni kwa muda, akayatazama masufuria, kisha akashusha sauti.

“Pikeni mchele,” aliwaambia wapishi.

“Ule wa mahafali, Madam?”

“Siku ya mahafali watakula hotuba. Pikeni mchele.”

Garini wakati wa kurudi, Eli alikipakata kisanduku chake kama mtu aliyebeba mtoto aliyetukanwa.

Mashine kubwa ilipomaliza kazi yake, jibu lilikuwa baya kuliko hata shaka ya Tusekile. Yale mahindi meupe yanayong'aa yalijaa sumukuvu. Wasichana wangeyala muhula mzima, mchana makande, jioni ugali. Madam Chilongani alipopigiwa simu alilitia ghala kufuli.

Ndipo Profesa akawaita wote watatu, akafunga mlango, na kumweleza Raya kile alichotuhumiwa.

Raya hakupiga kelele. Alikaa, akarekebisha mtandio wake.

“Kwa hiyo ndiyo sababu kantini hawanisalimu,” alisema. Kisha akamgeukia Tusekile. “Uliyabadilisha mahindi kwenye vifuko vyangu?”

“Ndiyo.”

“Ukaacha vifuko vilevile?”

“Ndiyo. Majina nilitaka yabaki.”

“Ulivikung'uta?”

Tusekile alimtazama Profesa.

“Nakuuliza, bi Tusekile. Kabla ya kutia mahindi safi, vifuko ulivikung'uta?”

“Sikuvikung'uta.”

Raya aliinuka, akaenda maabara, akarudi na kifuko kimoja kitupu. Akakigeuza ndani nje juu ya karatasi nyeupe ya mezani pa Profesa, akakipiga kwa kiganja. Vumbi jekundu likaanguka, laini kama hina iliyotwangwa.

“Vijiji vyenye sumu vyote huanika mahindi chini, kwenye udongo mwekundu,” alisema taratibu, na sasa alikuwa hasemi nao tena, alikuwa anasema na lile vumbi. “Vijiji vilivyo salama wameanza kutumia maturubai. Na ya shuleni yalipepetwa.” Akatoka nje, akachota udongo mwekundu kidogo kwenye bustani ya maua chini ya dirisha, akarudi akautikisa katika maji safi yasiyo na punje hata moja ya mahindi, akachovya karatasi yake.

Ikawa waridi iliyoiva.

“Haioni sumu?” aliuliza Profesa.

“Inaiona, lakini kwa mbali. Udongo inauona zaidi.” Raya alikaa chini. “Wallahi, sikudanganya mtu. Nilidanganyika.”

Eli alikuwa ameshika kichwa. “Mimi ndiye niliyeweka kipimo cha taa,” alisema. “Nilikiweka kwa kufuata vifuko hivyo. Kwa hiyo sumu isiyo na vumbi inapita chini ya kipimo changu kama paka chini ya uzio.” Halafu, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kusema, akasema na lingine. “Na jambo jingine, Tuse. Yale mazungumzo tuliyokuwa tunayakata ukiingia, ulikuwa sahihi. Tulikuwa tunakusema. Mimi nilimshawishi Raya tumwombe Profesa jina lako litoke kwenye kazi. Yeye hakukubali, ila hakukataa pia.”

Raya aliangalia sakafu.

Basi mnaona, ndugu zangu. Shaka ya Tusekile ilikuwa imepiga mishale mitatu. Mmoja ulikiangukia kisanduku, ukaokoa watu. Mmoja uliangukia njama iliyokuwapo kweli. Na mmoja ulimpiga Raya, ambaye hakuwa na kosa hilo.

Baada ya hapo walifanya kazi kama hawajawahi kufanya, japo chai kila mtu alikuja na yake.

Raya aliivunja dawa yake yote akaianza upya, mpaka akapata karatasi ambayo ukiitia kwenye udongo mwekundu inakaa kimya, ukiitia kwenye sumukuvu inaona haya mara moja.

Eli alikifungua kisanduku mpaka msumari wa mwisho. Akakiongezea chujio la kuosha mahindi kabla ya kupimwa, na jicho la pili linalotafuta udongo peke yake, ili kikiwa na wasiwasi kiwashe taa ya njano, kiseme sijui.

Tusekile naye alipanga upimaji ambao hakuna aliyejua kifuko kipi kina nini, hata yeye. Alichanganya vijiji, udongo, maturubai, mahindi machafu na mahindi ya kung'aa. Safari hii kisanduku kilikosea mara chache, na kwa mara chache hizo Tusekile akakiamini.

Kikaanza kutumika. Maghala ya shule za wilaya ile yalipimwa, malori mengine yakarudishwa yalikotoka, na Madam Chilongani akawa anakisifu kila kikao kama mtoto wake wa kumzaa. Lakini kiti kilibaki kimoja.

Siku ya kamati ilifika. Watatu walikaa kwenye benchi la korido wakisubiri kuitwa. Eli alikwenda kunywa maji. Raya, bila kugeuza kichwa, akasema:

“Nimekusamehe kunishuku. Hata mimi ningeshuku.”

“Ahsante,” alisema Tusekile.

“Ngoja. Sijakusamehe kutoniuliza. Ungeniuliza siku ile ya Jumatatu, ningekung'uta kifuko Jumatatu, na shuleni tusingekwenda na kisanduku kibovu.”

Tusekile alisogea kumpisha Eli, aliyekuwa anarudi.

Wakaitwa. Aliyeanza ni Raya. “Bila karatasi yangu hapakuwa na cha kusomwa,” aliwaambia wajumbe. “Na ilipokosea, ni mimi niliyepata chanzo, saa ileile niliyoambiwa mimi ni mwongo. Niliomba nafasi katika chuo kingine, walikuwa wamenikubali kwa mdomo. Sasa hawapokei simu. Uvumi ulifika huko kabla ya ukweli.”

Akaja Eli. “Karatasi ingebaki maabara na hesabu zingebaki kwenye kompyuta,” alisema. “Aliyeifanya kazi itoke mlangoni ni mimi. Kisanduku kibovu nilikiunda mimi, hilo sikatai, na kinachojua kusema sijui nimekiunda mimi pia. Nilimkosea dada Tuse, na nilimwambia mwenyewe kabla hajaniuliza.”

Akafuata Tusekile. Usiku uliotangulia hakulala akipanga maneno, na aliposimama yote yalimkimbia. Alikuwa amewaza kusema kwamba amejitoa. Kisha akajiuliza: nikijitoa, ni kwa sababu ya aibu, au ni ujanja wa kutaka nihurumiwe? Maana mwenye shaka akikosa wa kumshuku, hujigeukia mwenyewe.

“Nisingesema msipike, wasichana wangekula,” alisema hatimaye. “Hilo ni kweli. Na nilimtia mwenzangu doa bila kumuuliza, hilo pia ni kweli. Mnaweza kuniuliza, siku ile jikoni, nilipiga kelele kwa ajili ya wale watoto, au kwa ajili ya kiti hiki? Nimejiuliza mimi kabla yenu. Nimejipima kila namna ninayoijua, na taa inawaka njano.”

Akakaa.

Wajumbe walibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Wengine walisema kiti ni cha Raya, kwa kuwa bila mbegu hakuna mti, na aliyeonewa hufutwa machozi. Wengine walisema ni cha Eli, kwa kuwa kazi isiyofika ghalani ni maneno tu, na aliyekiri bila kubanwa ataaminika kesho. Wengine walisema ni cha Tusekile, kwa kuwa karatasi na kisanduku bila yeye vingewalisha watoto sumu kwa taa ya kijani. Wakauliza kama kiti kinaweza kugawanywa, wakajibiwa hakigawanyiki. Kura zikalingana, na sheria ya chuo ikasema kura ya mwisho ni ya mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Profesa Rwegoshora, ambaye naye alivujisha neno alilolikataza. Yuko pale sasa hivi, ameshika kalamu, na nje kwenye benchi la korido watu watatu wamekaa bila kutazamana.

Mimi nimewafikisha mlangoni pake, zaidi ya hapo sijui. Semeni nyinyi, na kila mtu atoe sababu yake: ni Raya aliyeona, ni Eli aliyeunda, au ni Tusekile aliyeshuku? Ingekuwa kalamu hiyo iko mkononi mwako, ungeliandika jina la nani?